Kununua Motokaa Iliyotumika Nchi za Nje: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Fedha

Mkulima hodari hanunui ng'ombe wa gredi kwa kutazama rangi yake tu. Humfungua kinywa akaona meno, hupapasa kiwele, huuliza amezaa mara ngapi, na akiwa mtu mwenye busara hungoja mpaka saa ya kukama ili aone maziwa kwa macho yake. Lakini mkulima huyo huyo, akiingia katika yadi ya magari na fedha zake za bonasi ya chai au za kahawa, mara nyingi huona motokaa inayong'aa, akasikia redio yake, akatoa fedha siku ile ile. Hilo ni kosa kubwa. Motokaa moja ya jamaa yaweza kugharimu zaidi ya ng'ombe watano wa gredi, tena ng'ombe huzaa, motokaa haizai. Ikiwa mbovu, itakula fedha za karo ya watoto, na za mbolea, na mwishowe itasimama chini ya mti nyuma ya nyumba kuku wakitaga ndani yake.

Makala haya yanaeleza jinsi mkulima anavyoweza kununua motokaa nzuri kwa mwuza magari, bila kudanganywa.

MAGARI HAYA YATOKA WAPI

Magari mengi yaliyotumika ambayo huletwa Kenya yatoka Japani. Sababu ni mbili. Kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia. Pili, sheria ya Japani yataka motokaa mpya ipimwe baada ya miaka 3, kisha ipimwe tena kila baada ya miaka 2. Upimaji huo pamoja na kodi zake ni gharama kubwa, basi watu wengi huona afadhali kuuza motokaa yao ikiwa bado nzuri na kununua nyingine.

Motokaa hizo hupelekwa mnadani. Kabla ya kuuzwa, mkaguzi wa mnada huitazama kila motokaa, akaandika katika karatasi moja hali yake, kilomita ilizokwenda, na mahali penye mikwaruzo au mabonde. Karatasi hiyo ni kama cheti cha ng'ombe, na tutaieleza mbele. Baada ya mnada motokaa husafiri kwa meli mpaka Mombasa, hulipiwa ushuru, halafu huingia katika yadi za Mombasa, Nairobi na miji mingine.

SHERIA YA SERIKALI

Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lina kanuni iitwayo KS 1515:2000. Kila mnunuzi yafaa aijue, maana humlinda. Kanuni hiyo yasema hivi:

1. Motokaa isiwe imepita miaka 8 tangu ilipoandikishwa mara ya kwanza. Kwa mfano, motokaa iliyoingia nchini mwaka 2025 ilipaswa kuwa imeandikishwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye.

2. Usukani uwe upande wa kulia.

3. Motokaa ikaguliwe huko itokako kabla ya kupakiwa melini, na ipewe cheti cha kuonyesha kwamba yafaa kwenda barabarani.

Cheti hicho huonyesha namba ya chesisi, na pia kilomita zilizosomwa katika mita siku ile ya ukaguzi. Tia moyoni jambo hili la kilomita, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kumkamata mwuzaji mdanganyifu.

CHAGUA MOTOKAA INAYOFAA KAZI YAKO

Kabla hujaenda yadini, kaa na mke wako, au wewe mama kaa na mume wako, mjiulize: motokaa hii ni ya kazi gani? Watu wangapi watapanda? Je, itabeba mikebe ya maziwa na magunia ya chakula cha ng'ombe, au itapeleka watoto shule na wazee hospitali tu? Barabara ya kwenu ni ya lami, au ni ya udongo mwekundu unaoteleza wakati wa masika?

Motokaa ya chini sana itagonga mawe katika barabara ya kijijini. Motokaa kubwa yenye injini ya sisi 2,500 itapanda kila mlima, lakini itakunywa petroli kama ng'ombe mwenye kiu. Jamaa nyingi za wakulima huona magari kama Toyota Probox au Toyota Fielder yenye injini ya sisi 1,500 yawatosha, kwa kuwa yana nafasi nyuma, tena kila fundi huyajua.

Jambo hili la fundi ni kubwa. Uliza fundi wa soko lenu: "Motokaa hii waijua? Vipande vyake vinapatikana?" Motokaa iliyo nyingi nchini vipande vyake hupatikana Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na hata katika miji midogo. Motokaa ya ajabu, hata ikiuzwa kwa bei ndogo, yaweza kungoja kipande kimoja miezi miwili.

Ukipenda motokaa inayotumia petroli pamoja na umeme, jua kwamba ina betri kubwa ya pili, nayo huchakaa. Usiinunue mpaka betri hiyo imepimwa kwa mashine na fundi mwenye ujuzi huo.

PIGA HESABU KAMILI

Watu wengi hupiga hesabu ya bei ya motokaa tu. Bei ni mwanzo wa gharama, si mwisho wake.

Tuseme mkulima ana shilingi 1,200,000. Akinunua motokaa ya shilingi 1,200,000, siku ya pili hana hata fedha ya bima. Afadhali anunue ya shilingi 1,000,000 na kuweka 200,000 kwa ajili ya bima, ada ya kubadilisha jina, tairi, oili mpya, na matengenezo ya mwaka wa kwanza. Bima ya kuwalinda watu wengine barabarani ni lazima kwa sheria ya nchi. Bima kubwa, ambayo hulipa hata motokaa yako ikiibwa au ikipinduka, si lazima, lakini kwa mtu aliyetia akiba yake yote katika motokaa moja ni jambo la busara.

Halafu petroli. Tuseme motokaa yenda kilomita 12 kwa lita moja, nawe waenda kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,040, yaani lita 87 hivi kila mwezi. Zidisha lita hizo kwa bei ya petroli, ambayo EPRA huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, kisha ulinganishe na fedha zako za maziwa. Ikiwa maziwa yote yatakwenda katika tangi la petroli, ngoja kwanza.

Msishangae mkiona bei ya yadini ni kubwa sana kuliko bei ya Japani. Juu ya bei ya kununua na nauli ya meli kuna kodi nyingi. Ushuru wa forodha uliongezwa Julai 2023 kutoka 25 kwa mia ukawa 35 kwa mia. Kuna pia ushuru wa bidhaa, ambao ni mdogo kwa injini isiyozidi sisi 1,500 na mkubwa zaidi kwa injini kubwa, na kodi ya VAT ya 16 kwa mia, na ada nyingine. Kodi hizi hubadilishwa mara kwa mara katika bajeti, basi uliza KRA ujue hesabu ya mwaka huo. Ukiambiwa bei iliyo chini mno kuliko yadi nyingine zote, usifurahi. Jiulize ni kitu gani hakikulipwa, au ni ubovu gani umefichwa.

TAZAMA KARATASI KWANZA

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya kutazama motokaa, omba karatasi zake.

Ikiwa motokaa imetoka melini karibuni na haijapata namba ya Kenya, mwuzaji awe na cheti cha Japani cha kuitoa nchini, hati ya meli, cheti cha ukaguzi, na hati ya forodha pamoja na risiti ya ushuru. Namba ya chesisi katika karatasi hizo zote iwe moja, tena iwe sawa na ile iliyopigwa katika chuma cha motokaa yenyewe. Isome kwa macho yako, herufi kwa herufi. Usikubali kusomewa. Tazama pia kama chuma pale penye namba kimekwaruzwa, kimekatwa au kimechomelewa upya. Ukiona hivyo, ondoka.

Katika karatasi za Japani mwaka huandikwa kwa hesabu ya utawala wa mfalme wao. Herufi H ni enzi ya Heisei, na R ni enzi ya Reiwa. H30 ni mwaka 2018, R1 ni mwaka 2019, na R2 ni mwaka 2020. Mtu asiyejua haya huweza kuambiwa mwaka wowote akaamini.

Omba na karatasi ya mnada. Huko motokaa hupewa gredi. Gredi 4 au 4.5 ni motokaa nzuri. Gredi 3.5 ina mikwaruzo na uchakavu lakini yaweza kuwa ya kazi. Mahali pa gredi pakiwa na herufi R au RA, maana yake motokaa iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Si lazima iwe mbaya, lakini bei yake yapasa kuwa ndogo, na fundi aitazame mara mbili. Usichanganye R hii ya gredi na ile R ya mwaka.

Sasa linganisha kilomita za karatasi ya mnada, za cheti cha ukaguzi, na za mita ya motokaa. Ikiwa karatasi ya mnada yasema kilomita 118,000 na mita yasema 62,000, mita imerudishwa nyuma. Mtu aliyedanganya katika jambo hili atadanganya katika mengine. Usibishane naye, aga uende zako. Na mwuzaji akisema karatasi ya mnada imepotea, usitegemee kilomita za mita hata kidogo.

Ikiwa motokaa imekwisha kupewa namba ya Kenya, tafuta habari zake kwa NTSA kwa njia ya eCitizen. Kwa ada ndogo utaonyeshwa jina la mwenyewe, namba ya chesisi na namba ya injini. Tazama sana kama kuna jina la benki au la kampuni ya mikopo pamoja na la mwenyewe. Likiwapo, motokaa hiyo imewekwa rehani. Ukiinunua bila deni kulipwa, wenye deni watakuja kuichukua mlangoni kwako, na fedha zako zitakuwa zimekwenda.

TAZAMA MOTOKAA YENYEWE

Nenda mchana, jua likiwaka. Usiende usiku wala wakati wa mvua, kwa sababu maji huifanya rangi mbovu ionekane nzuri. Nenda na fundi unayemwamini, ambaye utamlipa wewe mwenyewe. Fundi anayelipwa na mwuzaji ni mtu wa mwuzaji. Chama cha AA Kenya pia hukagua magari kwa malipo.

Mwambie mwuzaji mapema asiwashe injini kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha magonjwa yake. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini.

Kisha fuata mambo haya:

1. Bodi. Simama mbele, tazama ubavu wa motokaa kwa urefu wake. Rangi ya mlango mmoja ikiwa tofauti kidogo na ya mwingine, mlango huo umepakwa upya. Nafasi kati ya milango, boneti na buti ziwe sawa pande zote.

2. Chini. Inama utazame kutu. Magari ya sehemu za Japani zenye theluji huwa na kutu, maana chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kutu kidogo ya juu juu si kitu. Kutu inayotoboa chuma ni ugonjwa usiopona.

3. Ndani. Inua zulia na unuse. Harufu ya ukungu, matope chini ya zulia, au kutu katika vyuma vya viti, huonyesha kwamba motokaa iliwahi kuzama katika maji. Motokaa ya namna hiyo nyaya zake za umeme huoza polepole. Usiichukue.

4. Tairi. Ubavuni pana namba nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani yaweza kupasuka hata kama meno yake bado marefu. Tairi iliyoliwa upande mmoja huonyesha kwamba magurudumu hayakunyoka, na huenda motokaa iligongwa.

5. Oili na maji. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa baridi. Ukiona rangi kama ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, na gasketi ya kichwa cha injini imekufa au kuna ubovu mkubwa zaidi. Tazama pia maji ya rejeta kama yana mafuta yanayoelea.

6. Taa za dashibodi. Ukizungusha swichi kabla ya kuwasha injini, taa za hatari, pamoja na ile ya mifuko ya hewa, lazima ziwake, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda imetolewa makusudi ili kuficha ubovu.

Kuhusu mifuko ya hewa, liko jambo moja la usalama. Mifuko mingi iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa na kasoro ya kupasuka na kurusha vipande vya chuma, nayo imeua watu katika nchi kadhaa. Watengenezaji wa magari waliita magari hayo yarudishwe ili mifuko ibadilishwe. Peleka namba ya chesisi kwa mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza motokaa, aangalie kama motokaa hiyo iliitwa na kama kazi ilifanywa.

WASHA NA UENDESHE

Injini baridi iwake mara moja, bila kusuasua. Mtu mmoja asimame nyuma atazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, maana yake injini imechakaa ndani. Moshi mweusi ni petroli nyingi mno. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni mvuke tu, lakini usipokoma baada ya injini kupata moto, maji yanaingia ndani ya silinda.

Kisha endesha kwa nusu saa au zaidi, katika lami na katika barabara mbaya, na upande mlima. Ikiwa gia ni otomatiki, itoke P iende D, kisha R, bila kishindo na bila kukawia. Achia usukani kidogo mahali palipo salama. Motokaa isivute upande. Kanyaga breki kwa nguvu, isimame sawasawa. Zima redio usikilize milio ya chini. Uone pia kwamba sindano ya joto la injini haipandi wakati wa mlima.

Redio yenyewe isikusumbue. Redio nyingi za Japani hazifiki stesheni zetu nyingi za FM, kwa kuwa mawimbi yao ni ya chini kuliko yetu. Huo si ubovu, na fundi huweza kuitengeneza.

KULIPA NA KUANDIKISHA JINA

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humlinda mnunuzi, lakini pia yasema kwamba mtu aliyekagua bidhaa hawezi kulalamika baadaye kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuionyesha. Kwa hiyo kagua vizuri, na kila ahadi ya mwuzaji iandikwe. Akisema, "Nitakubadilishia tairi mbili," au "Gia ikiharibika katika miezi mitatu ni juu yangu," iandikwe katika mkataba. Maneno ya mdomoni huondoka na upepo.

Mkataba uonyeshe majina, namba za vitambulisho, namba ya chesisi na ya injini, kilomita, bei, fedha zilizolipwa na zilizobaki. Wakili akiusoma kabla hujatia sahihi ni bora zaidi. Lipa kwa benki, katika akaunti yenye jina la kampuni iliyo katika mkataba. Usibebe fedha katika mfuko, wala usitume kwa simu ya mtu binafsi anayesema yeye ndiye meneja. Tena usipeleke fedha kwa mtu usiyemjua aliyeko ng'ambo kwa sababu ya picha tu. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Usimalize kulipa mpaka jina linabadilishwa. Siku hizi mwuzaji huanzisha jambo hilo katika akaunti yake ya eCitizen, nawe hukubali katika yako, na logbuku ya kielektroni hutoka kwa jina lako. Sheria ya barabara hairuhusu motokaa iliyouzwa kuendeshwa zaidi ya siku 14 kabla mwenyewe mpya hajaandikishwa. Mtu akikuambia, "Chukua tu, jina tutabadilisha mwakani," kataa. Ajali ikitokea, au mwuzaji akifa, au akidaiwa, utasumbuka kuonyesha kwamba motokaa ni yako.

Na la mwisho katika habari za fedha: usiweke hati ya shamba rehani ili ununue motokaa ya kutembelea. Motokaa hupungua thamani kila mwaka, lakini shamba ndilo linalowalisha.

UKIISHA KUIFIKISHA NYUMBANI

Badilisha oili ya injini na chujio zake mara moja, maana hujui ile ya zamani imekaa muda gani. Magari mengi ya Japani ya siku hizi yana gia otomatiki ya namna inayoitwa CVT, nayo yataka oili yake maalum. Fundi akitia oili yoyote, gia itakufa, na gia ni ghali. Soma namba ya oili katika kitabu cha motokaa au umwulize mwakilishi. Weka daftari moja ndani ya motokaa, uandike tarehe na kilomita za kila matengenezo, kama unavyoandika siku ya kupandishwa ng'ombe. Siku utakapotaka kuiuza, daftari hilo litakuongezea bei.

KWA UFUPI

Nunua motokaa ambayo fundi wa kwenu anaijua. Bakiza fedha za bima na matengenezo. Linganisha namba za chesisi na kilomita katika karatasi zote. Ikaguliwe na fundi wako, si wa mwuzaji. Andika kila ahadi. Jina libadilishwe kabla ya kumaliza fedha.

Mwuzaji atakwambia kwamba watu wengine watatu wanaitaka motokaa hiyo leo hii. Mwache awauzie. Kila meli huleta nyingine, lakini bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka.